Mradi wa maji: mfereji wa nyumbani mkavu, biashara imekufa, na bili inakuja vile vile

Assalam alaykum wenzangu. Nina hasira, atakayeona nimevuka mipaka anisamehe mapema.

Kila ukifungua redio ni mradi wa maji, mradi wa maji. Visima vipya, matangi, kilomita za mabomba. Hivyo vyote vina wa kuvihesabu. Kilichopotea mitaani tangu mtaro uchimbwe nani anakihesabu? Mimi niko Ng'ambo, hapa mjini Unguja, mitaa ya ndani. Asubuhi nauza chai na chapati, mchana barafu za ukwaju na ubuyu. Walipokuja watu wa mradi walitwambia siku chache tu. Wakakata njia, wakakata na lile bomba la zamani lililokuwa likitupa maji japo usiku wa manane, kifusi wakakirundika mlangoni pangu, wakahamia mtaa wa pili.

Wateja wangu ni kina mama wenye watoto, wazee wanaotoka msikitini, na vijana wa vespa wanaosimama dakika mbili. Vespa haipiti tena. Wazee nimewawekea ubao juu ya mtaro. Mmoja kautia mguu, ubao ukacheza, akarudi nyuma akanambia, "Mwanangu, chai yako naipenda lakini roho yangu naipenda zaidi." Hajaja tena. Masika yalipoingia mtaro ukajaa maji, ndiyo maji pekee ya mradi niliyoyaona kwa macho yangu.

Ya kazi nanunua. Dumu la lita 20 shilingi mia tano, na hilo linaishia kwenye kuosha vikombe. Barafu nauza mia mbili, huwezi kumpandishia bei mtoto anayekuja na sarafu moja mkononi. Kwa hiyo faida yangu yote inaondoka na gari la ng'ombe la muuza maji. Yeye simlaumu, naye anatafuta riziki. Walioneemeka ni wenye maboza, yale magari ya matangi ya maji. Hao wakiomba dua, nadhani wanaomba mradi usimalizike.

Na mtu asije hapa kunambia haya hayakuweza kujulikana mapema. Unguja haina mito ya maana. Tunakunywa maji ya chini ya ardhi, na hayo hayapandi bila pampu, na pampu haizunguki bila umeme unaotoka bara kwa waya wa baharini. 2008 tulikaa kiza karibu mwezi mzima. Desemba 2009 waya ukaharibika tena, umeme haukurudi mpaka Machi 2010, na mifereji ikakauka nao. Kila mwenye mkahawa na saluni anakumbuka alivyofunga. Kwa hiyo inajulikana fika kwamba maji yakikatika, wa kwanza kuanguka ni mwenye biashara ndogo. Mnachimba mji mzima bila ya kupanga hata boza moja la kupita mitaani kwa zamu?

Tuje kwenye bili. Maji tulikuwa tukinywa bure. Ikaja sheria ya maji ya 2006, tukaambiwa tuchangie, tukasema haya, ili mradi yatoke. Sasa nimefungiwa mita mpya. Maji yakikatika bomba linajaa hewa, yakirudi yanaisukuma ile hewa mbele, mita inazunguka kama feni na mfereji unakoroma tu. Baadaye linatoka tope, kisha basi. Ile hewa nailipia! Na yakitoka hayo kidogo, jirani mwenye mota keshayanyonya yote kabla hayajafika kwangu.

Ajira? Vijana wetu walichimba kwa kibarua cha siku. Mtaro ulipovuka shehia, yaani eneo la sheha wetu, wakachukuliwa wengine, na wapo wanaodai mpaka leo.

Wakubwa wakihutubia wanasema maji ni uchumi, yatavuta wawekezaji. Uchumi wa nani? Kwenye vijiji vya watalii kama Nungwi, utafiti wa 2012 wa Tourism Concern, shirika la Uingereza, ulikuta kaya inatumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Chumba kimoja! Mimi kwa lita hizo ningeendesha mkahawa na barafu, na majirani wakateka kwangu.

Kwa sheha, kiongozi wetu wa serikali hapa mtaani, nimekwenda. Kanipokea vizuri, akanambia fidia iko kwa mkandarasi. Msimamizi wa mkandarasi naye akanambia fidia ni ya aliyevunjiwa ukuta au kukatiwa mnazi, "biashara haionekani." Haionekani vipi? Aje aone friji nililolizima kwa sababu halina cha kugandisha. Aje aone daftari la mchezo wa pesa wa kina mama wenzangu, jina langu limepigwa mstari kwa kukosa kulipa. Nikaandika barua, ikapigwa muhuri, jibu sijaliona.

Wale wa "vuta subira" naomba mpite kimya, subira nimeivuta mpaka imekatika. Ninachotaka ni mambo mawili. Watoe ratiba kwa kila shehia, mtaro unafunguliwa lini na unafukiwa lini, ibandikwe kwa sheha tuisome. Na bili zisimame mpaka maji yatoke.

Na kama yupo humu mwenye kibanda, genge au saluni aliyelipwa fidia ya biashara, hata mmoja, aseme alipeleka karatasi gani na kwenye mlango upi. Nasubiri hapa hapa.