Ndoa, dini na sheria: tupeane uzoefu wa yaliyotukuta

Wakuu, salaam.

Mimi Muislamu wa Tanga, mke wangu Mkatoliki wa Kilema, Kilimanjaro. Shehe hakuwa na neno, alisema Ahlul-Kitabi, yaani Mkristo au Myahudi, anaolewa akibaki na dini yake. Padri naye alisema inawezekana, ila askofu atoe ruhusa na bibi harusi aahidi kujitahidi watoto wabatizwe. Hapo kwenye watoto ndipo wazee wa pande zote mbili walipopandishiana sauti. Tukaishia bomani.

Tangazo letu lilikaa ubaoni siku 21, kati ya mnada wa pikipiki na hati ya kiwanja iliyopotea. Pini moja iling'oka, basi kila nikipita naona jina langu linapepea. Siku ya 19 mjomba akaja bomani na shida zake, akalisoma. (Ya mjomba nitayaleta siku nyingine.) Siku yenyewe msajili akauliza: ya mke mmoja, au inayoweza kuwa ya wake wengi? Mwenzangu akageuka akanitazama. Nilijibu "mmoja" upesi kuliko nilivyowahi kujibu swali lolote.

Ndiyo Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 hapa Tanzania. Mlango wa dini upo, wa mila upo, wa serikali upo. Wake wengi ruksa, lakini ndoa iliyofungwa Kikristo haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado Wakristo. Kwangu kuingia si tatizo, muziki uko kwenye kutoka. Walioachika, waliofiwa, leteni yenu. Kutukaniana dini hapana.

Bint Makorora: Nianze mie. Niliandikiwa talaka tatu kwenye karatasi ya daftari la mtoto, nyuma yake kuna hesabu za kujumlisha. Nikakaa eda, nikajua yamekwisha. Nakwenda mahakamani kudai haki yangu ya nyumba, hakimu ananiuliza: mmepita baraza la usuluhishi la ndoa? Kumbe kisheria ile karatasi peke yake haivunji ndoa. Baraza lithibitishe limeshindwa kuwapatanisha, ndipo mahakama itoe amri. Mtaani mtalaka, mahakamani bado mke wa mtu, miezi mitano hivyo.

Yeye akadai sikuchangia hata tofali, nistahili kiliwazo tu, yaani kitu cha kumpoza aliyeachwa, kama dini isemavyo. Wakili wangu akatoa kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983: Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, walisema mume alishampa hela akazitapanya. Maskini, sisi ndio tunaokula jasho lake. Nilipata theluthi ya nyumba.

Kisauni: Dada pole, lakini msidhani dini iko upande wa wanaume siku zote. Huku Mombasa kadhi yumo kwenye katiba ya Kenya ya 2010, na anasikiliza kesi ya ndoa pale wote mkiwa Waislamu na mkikubali kwenda kwake. Alimbana mume wangu mahari aliyokuwa hajamaliza na matumizi ya watoto, mbele ya kaka zake. Nilitoka pale nimenyooka.

Mwalimu Kanda ya Ziwa: Mwanafunzi wangu aliolewa na miaka 15. Baba yake alisema Mungu hajaweka umri. Sheria ya 1971 nayo ilikuwa upande wake: msichana 15, mvulana 18. Mahakama Kuu ikasema 2016 hiyo ni kinyume cha katiba, serikali ikakata rufaa, 2019 ikashindwa. Binti tayari alikuwa na watoto wawili. Hapo sitaki kusikia habari za imani ya mtu.

Mjane: Tulikaa miaka saba bila cheti. Alipofariki kanisa halikunijua, ndugu zake hawakunijua. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa, kinachowachukulia walioishi kama mke na mume kuwa wameoana, kikanijua.

Mleta mada: Nashukuruni. Sasa niseme kilichonileta hasa. Wiki iliyopita nilikwenda kwa wakili kuandika wosia. Akaniuliza, utaratibu gani? Kwa Kiislamu mke asiye Muislamu harithi, naweza kumwachia kwa wosia tu, mwisho theluthi moja. Nyumba tumejenga wote, jina la kwenye hati ni langu. Nikamwambia nitarudi. Mke hajui kwamba nilikwenda.

Mwenye dini mbili nyumbani aliyekwisha kuandika, ulifanyaje?