Likizo ya uzazi yenye malipo humbakiza mama kazini au humwondoa?

Swali
Ndugu zangu, kazini kwetu tunapitia upya kanuni za ajira, nami ni mjumbe wa kamati. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba tukiongeza wiki za likizo ya uzazi yenye malipo, wanawake watazaa mfululizo na mameneja watakwepa kuwaajiri. Je, hoja hizo zina ushahidi wowote?

Jibu la kwanza
Hoja ya kuzaa isipuuzwe, ila isikuzwe. Mwaka 1990 Austria ilirefusha likizo ya malezi kutoka mwaka 1 hadi miaka 2, na watafiti Rafael Lalive na Josef Zweimüller walikuta kwamba akina mama waliopewa miaka 2 walipata mtoto mwingine kwa wingi zaidi na walichelewa kurudi kazini, kwa sababu aliyeshika mimba mapema aliweza kuunganisha likizo mbili bila kurudi ofisini katikati. Norway, kwa upande wake, ilipandisha likizo yenye malipo kutoka wiki 18 hadi 35 kati ya 1987 na 1992, na idadi ya watoto haikubadilika kwa kiasi cha kutajwa.

Jibu la pili
Kuhusu ajira, tuulize kwanza nani analipa. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, malipo yasiyopungua theluthi mbili za mshahara, na fedha hizo zitoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma, si mfukoni mwa mwajiri peke yake. Nimewahi kuketi kwenye jopo la usaili ambapo mwanamke aliulizwa atazaa lini tena. Mwanamume aliyemfuata aliulizwa kuhusu uzoefu wake.

Jibu la tatu
Naongezea haki ya kurejea kwenye nafasi ile ile. Mimi nililipwa likizo yote, lakini niliporudi nikakuta wateja wangu wamegawiwa wengine na neno langu la siri halifungui kompyuta. Baada ya miezi miwili nikaacha kazi.

Muulizaji
Nashukuruni. Rasimu yetu inataja wiki na mshahara tu, haina neno lolote kuhusu nafasi ya kurudia. Nitapendekeza kifungu hicho kijadiliwe kwanza.