Mjadala: Simu za ofisi kwa intaneti, kwa nini mwenye kazi ndogo asiweke mwenyewe?

Deklaran wa Kasumba:
Wandugu, jambo. Nina ofisi ya forodha, watu sita: wanne hapa Lubumbashi, wawili Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kijana mmoja ameacha kazi na simkadi yake mfukoni, na wenye malori wote walikuwa na namba ile. Sasa wanampigia kule alikohamia. Ndipo nikaambiwa kuhusu Asterisk: programu ya bure, inageuza kompyuta kuukuu kuwa swichibodi. Namba moja ya kampuni, kila mtu na laini yake ya ndani, mpakani napiga 201 bila kukata uniti. Siku tatu nimehangaika. Faili zake ni kama kusoma karatasi za forodha gizani. FreePBX, programu ya kuiongozea hiyo Asterisk, inakupa kurasa za kubofya, lakini nayo inakuuliza mambo ambayo hata sijui ni mambo gani. Kwa nini isiwe kisanduku unachomeka, unaandika majina ya watu, kwisha? Mimi naona mafundi wetu hawataki irahisishwe. Watakula nini?

Fundi Katuba:
"Watakula nini." Mzee, nimekula kwako lini? Sikiliza. Nilimwekea mama mmoja wa famasi. Akasema, fundi, weka rahisi, neno la siri refu sitalikumbuka. Laini 101, neno la siri 101. Ruta, kile kifaa cha intaneti, ikaachwa poti 5060, mlango wa simu za intaneti, wazi kwa dunia nzima. Huko nje kuna mashine kazi yao ni moja, kubisha 5060 za watu usiku na mchana. Jumamosi amefunga famasi, Jumatatu pesa yote aliyoweka kwa simu za nje imeisha. Simu zimepigwa saa nane usiku kwenda nchi ambazo hajawahi kuzisikia. Nani alitukanwa? Mimi. Kwa hiyo rahisi kwa nani, kwako au kwa mwizi?

Mama Unga:
Mimi natumia WhatsApp. Naongea, natuma picha ya gunia, mteja anajibu. Munajitesa bure.

Deklaran wa Kasumba:
Mama, hiyo WhatsApp iko kwa simu ya nani? Ile ile aliyoondoka nayo kijana.

Mama Unga:
Basi nunua simu wewe, na simkadi wewe. Akiondoka anaacha mezani. Ni shida gani?

Mwanafunzi wa Kasapa:
Fundi, uzembe wa kuweka 101 ni wako, si wa programu. Halafu nadhani hii Asterisk ni ya Wafaransa, ndiyo maana sauti za Kifaransa zinakuja nayo tayari.

Fundi Katuba:
Mudogo, uzembe wangu nimeusema mwenyewe, usinifundishe. Na hapana, si Wafaransa. Ni Mark Spencer, Mmarekani wa Alabama, 1999. Alikuwa kijana mwenye kakampuni ka kusaidia watu wanaotumia Linux, mfumo wa bure wa kompyuta, swichibodi ikawa ghali kwake, akaandika yake. Unachanganya na Linphone, programu ya kupigia simu kwa intaneti, ile ndiyo ya Ufaransa. Sauti za Kifaransa ndiyo zipo. Za Kiswahili unarekodi mwenyewe: faili ya wav, mono (sauti ya upande mmoja), hezi 8,000. Ukizidisha inakataa au inaongea kama katuni.

Deklaran wa Kasumba:
Hilo nimeshalifanya! Binti yangu amesoma vizuri: "Karibu. Kwa malori finya moja. Kwa karatasi za forodha finya mbili."

Dereva wa Tunduma:
Finya? Anayefinywa ni mtoto mtukutu. Sema bonyeza, bwana. Mimi nikipiga nikasikia finya nitacheka mpaka simu ikatike.

Kamalondo Moja:
Yaya, lori lako linalala Kasumbalesa au Tunduma? Huku tunafinya. Tunafinya kengele, tunafinya simu, tunafinya taa. Kiswahili bora mubaki nacho huko kwenu.

Mwanafunzi wa Kasapa:
Sahihi ni bofya.

Kamalondo Moja:
Bofya ni ya kompyuta. Nyamaza.

Papa Standadi:
Ofisi ni ofisi. Weka Kifaransa, "tapez un", mambo ya heshima.

Mama Unga:
Papa, mteja wangu anatoka Ruashi na baiskeli. Akisikia "tapez un" anakata, anadhani amekosea namba. Mimi niko na finya.

Dereva wa Tunduma:
Sawa, ila msiseme hamkuambiwa. Wazambia wenyewe watawacheka.

Kamalondo Moja:
Wazambia wanajua Kiswahili cha nani, weye?

Fundi Katuba:
Wakati munafinyana, nijibu swali la mwenye mada, maana linanichoma bado. Kisanduku kinawezekana. Raspberry Pi, kakompyuta kadogo, inatosha kwa watu sita, na betri ndogo inaibeba umeme ukienda. Maneno ya siri yajitunge yenyewe, marefu, hakuna wa kuyakumbuka. Simu za nje ya nchi zifungwe mpaka mwenyewe azifungue. Intaneti ikiwa nyembamba, usitumie G.711, namna moja ya kupakia sauti, maana mazungumzo mamoja yanakula zaidi ya kilobiti 80 kila upande. Weka G.729, inayoibana zaidi, sauti yenyewe ni kilobiti 8. Kinachobaki ni ruta: unamsikia mtu wa mpakani, yeye hakusikii. Hapo kisanduku hakijui ruta yako imepangwaje. Hapo ndipo mimi ninakula.

Papa Standadi:
"Munafinyana" ni lugha gani hiyo mbele ya wakubwa?

Deklaran wa Kasumba:
Fundi, neno lile nimelirudisha. Njoo Jumamosi. Ninyi wengine, namba ya majaribio nimewatumia kando, pigeni msikie binti yangu.

Dereva wa Tunduma:
Nimepiga. Nimefinya moja, haya. Imekata.

Deklaran wa Kasumba:
Umeme umeenda. Rudia saa mbili.

Kamalondo Moja:
Amefinya! Mumeona? Amefinya!