Mkunga mwenye miwani ya -6.00: leza itanifaa?

Mkunga_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 31, ni mkunga, niko Tanga. Navaa miwani tangu darasa la sita. Jicho la kulia ni -6.00, la kushoto -5.50. Nikiivua, mtu aliyekaa ng'ambo ya meza simtambui.

Kinachonifanya niwaze leza, ile ya kurekebisha macho ili niache miwani, ni kazi. Waliowahi kufika Tanga mwezi wa pili wanajua joto la huku. Nikivaa barakoa pumzi inapanda, vioo vinaingia ukungu pale pale kichwa cha mtoto kinapotokeza. Mikono imo kwenye glovu, uso siugusi. Inabidi nimwite mwenzangu anifute, na usiku mwenzangu naye yuko kitanda cha pili na mama mwingine. Nimebandika plasta juu ya barakoa, nimepaka vioo sabuni, vinasaidia mpaka jasho lianze kutiririka. Kinachoniuma zaidi ni kushona msamba huku miwani inateleza puani. Yule mama ametoka kwenye uchungu, anastahili mshono uliotulia.

Lenzi za kuweka jichoni nilizijaribu. Zamu ya usiku ikifika alfajiri macho yanakuwa makavu, yanachoma.

Mama yangu hataki kusikia. Anasema jicho halina spea. Waliofanyiwa naomba mniambie mliyoyaona.

Mchomeleaji
Pole na kazi dada. Mimi nachomelea vyuma, miwani chini ya kofia ya kuchomelea ilikuwa mateso, tena cheche zilikuwa zinatoboa vioo. Nilifanyiwa India, aina inayoitwa PRK. Wanaondoa ngozi laini ya juu ya jicho, leza inachonga, kisha wanakuwekea lenzi laini kama bandeji mpaka ngozi iote tena. Leza yenyewe ni sekunde chache, unasikia kama harufu ya nywele zikiungua. Siku za mwanzo zinauma kweli, machozi na mwanga hupatani navyo kabisa, na kuona vizuri kulikuja taratibu. Usiku taa za malori zilikuwa na duara kubwa kuzunguka, zimepungua sana ila hazijaisha. Daktari alinichagulia PRK kwa sababu LASIK, aina nyingine ya leza, inaacha kifuniko kilichokatwa juu ya jicho, na kazi yangu ni ya kupigwa na vitu usoni.

Boda_wa_Korogwe
Nafuatilia. Mvua ikinyesha na miwani barabarani ni kubahatisha.

Mpima_Macho
Sista, napima macho kila siku, nikujibu kwa kirefu kidogo.

Namba yako inafanyiwa, lakini namba peke yake haitoshi. Leza inapunguza unene wa kioo cha jicho, yaani konea, ile sehemu angavu ya mbele, mikroni 12 hadi 15 hivi kwa kila namba moja (mikroni 1,000 ni milimita moja). Kioo cha kawaida kina kama mikroni 540. Kwa -6.00 unatoa kama 70 hadi 90, kwa hiyo kama chako ni chembamba tangu mwanzo, utaambiwa hapana. Omba upigwe ramani ya kioo cha jicho. Hiyo ndiyo inayoonyesha keratokonasi, ugonjwa wa kioo kulegea na kuchongoka mbele. Mtu mwenye aleji ya macho aliyefikicha tangu utoto ndiye namwogopea zaidi. Ukikutwa nayo, leza hiyo hufanyiwi.

Ukavu nao uutaje. LASIK inakata neva za kioo, na jicho lililo kavu tayari linaweza kusumbua kwa miezi.

Kuna jambo wateja wangu wengi hawaambiwi. Leza inarekebisha kuona mbali. Ukigusa miaka 40 na kitu, utahitaji miwani ya karibu kama watu wote, na wewe unashona. Leo ukivua miwani unaona uzi ukiusogeza karibu na pua. Baada ya leza hiyo haitakuwepo.

Swali: una mimba, au unanyonyesha?

Mkunga_Tanga
Asante sana, hasa hilo la uzi, sikuliwaza kabisa. Mtoto wangu mdogo ana miezi minane, bado ananyonya. Na utotoni nilifikicha macho sana, kila msimu wa vumbi.

Mpima_Macho
Basi leza isubiri. Mimba na kunyonyesha vinaweza kuyumbisha namba, mwachishe kwanza, ipite miezi kadhaa. Ramani unaweza kupigwa hata sasa, na kwa historia hiyo ya kufikicha ningeifanya mapema. Lenzi usizivae wiki mbili kabla ya kipimo, zinabadilisha umbo la kioo. Nenda na karatasi zako za zamani za miwani. Namba iwe imetulia angalau mwaka mzima. Kwa leba, chukua fremu nyepesi yenye kamba ya kukaza nyuma ya kichwa, na barakoa yenye waya puani, uubane vizuri.