Sera za kampuni juu ya malighafi tuzipime wapi, ofisini au msituni?

Assalam aleikum ndugu zangu. Naleta hili hapa Lamu kwa sababu linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kampuni kubwa zinazonunua malighafi siku hizi zina sera: hatununui kilichotoka kwenye msitu uliofyekwa, hatuna mkono katika unyonyaji. Wapo wanaosema sera hizo zipimwe kwa vyeti na ripoti za kila mwaka. Mimi nasema zipimwe pale mzigo unapotoka kwa aliyeuvuna na kuingia kwa mnunuzi wa kwanza.

Tutazame mikoko yetu. Mkataji akirudi na mashua yake, mzigo huhesabiwa kwa korja, miti ishirini ishirini. Kuna fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na kila unene una bei yake. Korja ikiwa bado imelala mchangani, mzee aliyeikata anakwambia bila kusita imetoka mkono upi wa bahari. Ikishapakiwa jahazini, korja za watu kumi zimekuwa rundo moja. Hesabu ikilingana na kibali, karatasi ni safi. Lakini nyanyua boriti moja uulize ilikatwa wapi: nahodha hajui, na aliyeandika kibali hajui. Habari imekatikia pale pale ufukweni, na sera nyingi zinaanza kupima baada ya hapo.

Mafuta ya mawese ni vivyo hivyo. Mafuta mengi tunayopimiwa dukani ya kukaangia mahamri asili yake ni Indonesia na Malaysia, nchi mbili zinazotoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia. RSPO, chombo cha kutoa vyeti vya mawese kilichoundwa 2004, kina ngazi kadhaa. Ngazi mojawapo inaruhusu mafuta yenye cheti kuchanganywa na yasiyo nacho, mradi tani zilizouzwa kwa jina la cheti zisizidi zilizoingia. Katika nyingine kampuni inanunua hati peke yake, mafuta yenyewe yakatoka popote. Kanuni inaruhusu yote hayo. Ila kampuni ikiandika tu kwamba mawese yake ni endelevu, bila kutaja ngazi, haijatwambia kitu.

Mwaka 2018 Unilever ilitangaza hadharani viwanda zaidi ya 1,400 vya kukamua mawese inakonunua mafuta yake. Hilo nalipongeza, maana mwanakijiji aliyefyekewa msitu sasa ana jina la kushika. Lakini nyuma ya kiwanda kuna dalali, na nyuma ya dalali kuna mashamba ambayo hayamo kwenye orodha hiyo. Nyinyi mwaonaje?

Mchangiaji, Mokowe:

Aleikum salaam ndugu yangu. Nimekusoma mpaka mwisho, na hofu yangu ni kwamba mzigo wa ushahidi utamwangukia mnyonge. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka kahawa, kakao, mawese na mbao zionyeshwe kipande cha ardhi zilikotoka, na kwamba hapo hapakufyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Kampuni kubwa ina wataalamu wa picha za setilaiti. Mwenye ekari moja ana nini? Mnunuzi ataona usumbufu, atamwacha, atahamia shamba kubwa.

Sisi tumeonja. Februari 2018 ukataji miti ulipigwa marufuku nchini kwa siku 90, kisha zikaongezwa, na mikoko ikaingizwa humo humo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na lazima ilindwe, sibishi. Lakini baba yangu alikuwa na kibali, akafungiwa sawa na mwizi. Shoka lilikaa nyuma ya mlango likashika kutu, na unga tukachukua kwa deni.

Mwanzisha mada:

Pole sana kwa mzee, na hapo umenishika. Kufuata mzigo hadi msituni bila kusema nani analipa ni kumwonea mvunaji. Basi naongeza: nikisoma sera ya kampuni, natafuta kwanza kama gharama ya kuthibitisha inabebwa na mnunuzi, na kama bei ya mvunaji imepanda tangu sera ianze. Halafu naangalia likizuka kosa kampuni inafanya nini. Ikimkimbia muuzaji siku hiyo hiyo, imejisafisha yenyewe na msitu umebaki na dalali asiyeuliza lolote. Ikibaki ikamsaidia kurekebisha kwa muda uliowekwa, hiyo naiita sera.

Sasa niulizie mzee. Kila korja ikipakwa alama ya rangi ya aliyeikata kabla haijapanda jahazini, itampunguzia saa ngapi za kazi kabla maji hayajakupwa? Na rangi ainunue nani?