Mama mkwe anahamia: banda la uani, kontena au chumba cha kuunganisha?

Mlima_Buswelu: Wakuu, kiwanja changu ni mita 20 kwa 25, nyumba imekaa mbele. Mama mkwe anahamia kwetu kutoka Sengerema. Niunganishe chumba na nyumba, nijenge banda la vyumba viwili uani, au ninunue kontena la futi 20? Mke wangu anataka banda.

Bundi_Igoma: Kuunganisha futa kabisa. Mkwe na mkwilima mpishane koridoni na mataulo?

Dada_Kirumba: Kontena upana wake ni futi 8. Ukishaweka mbao na siling'i za kukinga joto (na jua hili la Mwanza utaziweka tu), kitanda cha tano kwa sita kinakuachia pa kupita kiubavu. Halafu lori la kreni litapandaje huko kwenu?

Mlima_Buswelu: Dada, mvua ikinyesha hata bajaji inagoma. Kontena nimelifuta.

Fundi_Nyakato: Mkuu, kabla ya kuhesabu tofali, chimba pale unapotaka choo. Huko mlimani unaweza kupiga sururu kidogo tu ukakutana na jabali, na kulipasua kwa moto na nyundo ni gharama nyingine kabisa. Kama hapachimbiki, peleka maji machafu kwenye shimo la nyumba kubwa: bomba la inchi 4, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, chemba kila kona. Maana yake banda likae sehemu iliyoinuka kuliko shimo, maji yateremke yenyewe. Watu wanachagua kona yenye kivuli, kuta zinapanda, ndipo wanauliza choo kitaenda wapi. Mawe ya msingi yasikusumbue, hapa ni ya kuokota.

Mzee_wa_Submita: Daraja la Kigongo–Busisi, la kuvuka ziwa kwenda Sengerema, limeshafunguliwa, mama atakuwa anakwenda na kurudi. Kila chumba kiwe na mlango wake na submita (mita yake ndogo ya umeme), kimoja pangisha.

Bundi_Igoma: Mzee wangu, mpangaji na mama mkwe wagombanie bomba moja?

Mzee_wa_Submita: Weka gata na tenki. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 25, ni kama lita 1,000. Na kibali cha manispaa usikiruke, banda nalo ni jengo.

Fundi_Nyakato: Shimo lako lipo upande gani?

Mlima_Buswelu: Juu, karibu na jiko. Uani ndiko kunakoshuka.

Fundi_Nyakato: Basi sururu kwanza. Ukikuta jabali, rudi hapa tuongee habari ya kuunganisha, Bundi atavumilia.