Gitaa la umeme linapoteza usahihi wa sauti kadiri ninavyopanda shingoni

Swali
Ndugu zangu, naomba msaada. Daraja la gitaa langu (sehemu ya mwilini inayoshikilia mwisho wa nyuzi) lina kiegemeo kimoja kwa kila uzi, nacho husogezwa kwa skrubu. Nyuzi zikiwa wazi, kifaa cha kutyuni kinaonyesha kwamba zote ziko sawa, lakini nikikandamiza uzi mnene wa E kwenye freti ya 12 (freti ni vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) sauti inakuwa juu kwa senti 12 (senti ni sehemu ya mia ya nusu-toni), na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ninazopiga huko zinagombana. Nilisogeza kiegemeo cha uzi huo kuelekea shingoni, tatizo likazidi. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu, ulikisogeza upande usiofaa. Kidole kinapokandamiza uzi kinauvuta kidogo, mkazo wake unaongezeka na sauti inapanda. Ili kufidia hilo, kiegemeo hurudishwa nyuma, mbali na shingo, uzi upate urefu zaidi. Ndiyo maana kwenye daraja lililorekebishwa vizuri viegemeo havikai katika mstari mmoja. Sauti ikiwa chini, ndipo unapokisogeza mbele.

Hata hivyo, usiguse skrubu hizo kabla ya kufunga nyuzi mpya, kwa sababu uzi uliochakaa hautetemeki sawasawa katika urefu wake wote na utarekebisha kosa lisilo la gitaa. Hakikisha pia kwamba mpindo wa shingo na kimo cha nyuzi viko unavyovitaka, maana ukivibadilisha baadaye kazi yote itarudiwa. Kisha shika gitaa kama unavyolipiga, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza ili upate hamoniki (sauti nyembamba inayolia kama kengele), ukandamize hapo hapo kwa nguvu yako ya kawaida, na ulinganishe sauti hizo mbili. Legeza uzi kabla ya kuzungusha skrubu, na uutyuni upya kila baada ya kusogeza. Bila hivyo kipimo kinachofuata hakina maana.

Jibu la pili
Naongeza jambo moja linalosahaulika: sumaku za kunasia sauti zikikaribia mno nyuzi nene, huzivuta na sauti ikayumba, na hapo hakuna kiegemeo kitakachosaidia. Zishushe kwanza.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Nimefunga nyuzi mpya na kurudisha kiegemeo nyuma, na freti ya 12 sasa ni sahihi kwa nyuzi zote. Kinachobaki ni kodi ya F kwenye freti ya 1, ambayo bado inasikika juu.

Jibu la kwanza
Hilo halitoki kwenye daraja. Tazama kile kipande chenye mifereji kinachopokea nyuzi mwanzoni mwa shingo: kandamiza uzi kwenye freti ya 3, na uangalie nafasi kati yake na freti ya 1. Inapaswa kuwa ndogo sana, karibu kugusana. Ikiwa ni kubwa, mfereji uko juu mno na kila noti ya freti za mwanzo itavutika kupita kiasi. Punguza kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, kwa kuwa mfereji uliozidi kuchimbwa utaufanya uzi wazi ugonge freti.

Tahadhari moja tu: usishushe uzi wa G ili kodi ya E meja isikike tamu. Katika mpangilio wa freti, noti ya tatu ya kodi ya meja huwa juu kwa takriban senti 14 kuliko ile ya asili, na kwenye kodi hiyo noti hiyo iko kwenye uzi wa G. Ukiushusha, kodi ya G, inayoutumia uzi huo huo ukiwa wazi, itaharibika.